Kiondo Hakirudi Kitupu

Mkonge ukikaa karibu na moto hutoa harufu kama ya nyasi zilizolala mvuani halafu zikaanikwa juani. Anayeijua anaijua. Mimi niliinusa mara ya mwisho nikiwa mtoto Kanyakine, nikadhani ilizikwa pamoja na mama. Kumbe haikuzikwa. Imetundikwa kwenye dari ya hoteli, na ndani yake wamewasha balbu.

Ilikuwa hivi. Binti yangu Kendi na mwanawe Makena walinitoa Nkubu, kwenye duka langu la mbao na mabati, wakaniambia leo sifungui, leo nakula kama mtu. Tukateremka mpaka upande wa Embu, kwenye lile jumba la sanaa ambalo watu hutoka hata ng'ambo kuja kulitazama. Kando yake wamejenga senta. Supamaketi chini, maduka ya nguo na vinyago katikati, hoteli juu, na vioo kila mahali mpaka mtu hajui mlango ni upi. Nilijigonga paji la uso. Mlinzi akasema, "Pole, mzee." Nikamwambia hiyo pole ampe aliyejenga ukuta usioonekana.

Kwenye supamaketi Makena alinionyesha ndengu. Ndengu za Mbeere, chakula nilicholelewa nacho, zimetiwa kwenye kifuko cha karatasi chenye kamba ya mkonge na picha ya mwanamke anayecheka. Nilinunua kifuko kimoja. Si kwamba nyumbani nimekosa ndengu. Nilitaka kujua yule mwanamke anacheka nini.

Hotelini kijana mmoja akatuletea mukimo, viazi na mahindi na mboga vilivyopondwa pamoja. Ulikuwa mviringo mdogo katikati ya sahani kubwa, juu yake jani moja limesimama kama bendera.

"Huu ni wa kuonja?" nikamuuliza.

"Hapana, mzee. Ndiyo sahani yenyewe. Ni wa kienyeji kabisa, kama wa shosho, wa nyanya kijijini."

"Shosho yako alikuwa mgonjwa?"

Makena akacheka, Kendi akanikanyaga mguu chini ya meza. Hapo ndipo ile harufu iliponifikia. Nikainua kichwa. Dari nzima ilikuwa viondo. Vikapu vyetu vya mkonge, vizuri, vilivyosukwa na mikono ya watu, vyote vimepinduliwa midomo chini, kila kimoja kimewekewa taa tumboni.

"Nani amepindua hivi viondo?"

"Ni dizaini, mzee."

"Kwenu viondo hupinduliwa?"

"Mimi natoka Kakamega," kijana akasema, "nilivikuta hivyo."

Hakuwa na makosa. Lakini niliweka uma chini. Kwa mama yangu, mtoto aliyepindua kiondo alichapwa, hata kama kilikuwa kitupu, hata kama ilikuwa kwa kucheza. "Kiondo kikitazama chini," alikuwa akisema, "nyumba imemwagika." Na mimi nimeishi na nyumba iliyomwagika. Najua ninachosema.

Mama alitoka Mbeere, kule chini kwenye joto na mawe, akaolewa huku juu kwenye baridi na migomba. Wenzangu wa rika langu mnajua wanawake wa huku walivyowapokea wageni siku hizo. Walimwita wa mawe. "Wa mawe amewasha moto," wakiona moshi. "Mtoto wa wa mawe," wakiniona mimi. Baba alikuwa amefariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hivyo hakukuwa na wa kuwaambia wanyamaze. Mama alijibu kwa kusuka. Naandika jambo hili ijapokuwa mtu haandiki mguu wa mama yake: alikuwa akikunja leso mpaka juu ya goti, anapaka jivu, anaweka nyuzi za mkonge pale, na kiganja kinakwenda mbele na kurudi, mbele na kurudi, mpaka kamba inatoka nyembamba kama mshipa. Pale mahali palikuwa laini kama kibuyu kilichozeeka. Nililala kichwa changu kikiwa kwenye ule mguu mwingine, nikisikia kiganja kinavyokwaruza. Hiyo ndiyo ilikuwa redio yetu.

Na alikuwa na sheria ambayo hata wa huku juu wanaijua, ila yeye aliishika kuliko wao. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiazima kiondo unakirudisha na kitu ndani, hata kama ni viazi vitatu, hata kama ni konzi ya maharagwe. Kitu chenyewe si malipo. Ni kusema: nilikuwa nacho, na nilikuwa nakukumbuka.

Siku moja jirani yetu, Mama Karimi, mwanamke wa maneno, aliazima kiondo cha kubebea mahindi. Akakirudisha kitupu, akakirusha mlangoni, akaenda zake. Mama alikiokota. Alikijaza ndengu mwenyewe mpaka juu, akanitwika. "Mpelekee Mama Karimi. Mwambie mama anasema umesahau hizi."

Nilifikiri mama amekosea. Nilifikiri njia nzima kwamba tumerushiwa kiondo kitupu na sasa tunaongezea ndengu. Nikafika, nikasema nilivyoambiwa. Mama Karimi alitazama ndani ya kile kiondo kama mtu anayetazama kisima. Akafunga mlango. Jioni kijiji kizima kilijua, na kwa muda mrefu yule mama alikuwa akituona anapita njia ya juu. Sikuelewa mtu anaogopaje kupewa chakula. Nilikuja kuelewa baadaye: ukimjazia mtu chombo alichopaswa kukijaza yeye, umemtukana mpaka kwao alikozaliwa, na hana pa kushtaki.

Sasa kuhusu kiondo kingine, kile kilichomwaga nyumba yetu. Mama alikuwa hajarudi kwao tangu aolewe. Mwanamke haendi kwa mama yake mikono mitupu, na yeye hakutaka kwenda na gunia kama mchuuzi. Alitaka kwenda na kiondo ambacho mama yake, nyanya yangu ambaye sikuwahi kumwona, angekiangalia na kusema binti yangu hakupotea huko juu. Alikisuka muda mrefu. Nyuzi nyeusi alizipata kwa kuzika mkonge kwenye matope ya mtoni pamoja na majani. Kamba zikitoka huko zilinuka kama kitu kilichooza na kizuri kwa wakati mmoja. Nyekundu aliichemsha kutoka kwa magome. Lakini karibu na mdomo wa kiondo alitaka mstari wa kijani, kama majani ya huku juu, ili mama yake aone alikoolewa binti yake. Kijani hakuwa nayo.

Kijani ilikuwa sweta yangu ya shule.

Nilikuwa nimefukuzwa shule kwa kukosa karo, na sweta ilikuwa imekaa kwenye msumari. Mama aliitazama siku nyingi. Halafu akaishusha, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kuifumua kuanzia kwenye mkono. Nililia. Nilidhani shule yenyewe ndiyo inayofumuliwa.

"Nyamaza," akasema. "Haijapotea. Iko hapa ndani."

"Nitavaa nini nikirudi?"

"Kiondo kikirudi kutoka kwetu kitarudi na kitu. Nyanya yako hawezi kukirudisha kitupu. Kitu hicho ndicho kitakachokupeleka shule."

Basi kwa akili ya mtoto mambo yalikuwa yamekaa sawa. Shule iko ndani ya kiondo. Kiondo kinaenda, kiondo kinarudi, shule inarudi.

Kilipokwisha, mama alikitundika mlangoni kikauke upepo wa mwisho. Ndipo yule bwana akapita. Hakuwa mzungu, nawaambia mapema, maana nyinyi mkisikia kitu kimechukuliwa mnamtafuta mzungu. Alikuwa mtu wetu, aliyesoma, suti ya kahawia, viatu ambavyo ungeweza kujitazamia uso. Aliacha gari barabarani akaja kuomba maji ya kunywa. Akanywa macho yakiwa kwenye kiondo.

"Mama, hiki umesuka wewe?"

"Unaona mwingine hapa?"

"Kazi nzuri sana hii. Kuna watu wakubwa wanakusanyika, wanataka kuona kazi za mama zetu. Niazime nikawaonyeshe."

"Hicho kina safari."

"Ya wapi?"

"Ya kwetu."

"Kitakuwa kimerudi kabla ya mavuno. Naapa kwa mama yangu aliyenizaa."

Mama alipokea kikombe kutoka mkononi mwake. Kisha akamuuliza, polepole, kama mtu anayepima mbao kabla ya kukata, "Unajua chombo hurudi vipi?"

Yule bwana akatabasamu. "Najua, mama. Hata kwetu ni hivyo."

Hapo ndipo ninapokasirika mpaka leo. Alijua. Angekuwa hajui ningesema ni mgeni. Alijua, akasema anajua, akaapa, akakibeba kwa mikono miwili kama mtoto, akakiweka kiti cha mbele cha gari.

Mavuno yakaja. Mama akaanza kupeleka kazi zake karibu na barabara. Akichambua maharagwe, barabarani. Akisokota mkonge, barabarani. Mama Karimi alikuwa sasa ameshapata mdomo wake tena, akipita anasema, "Ciarunji, kiondo chako kimeolewa huko? Hata salamu hakitumi?" Mama anamjibu, "Kimeolewa vizuri kuliko wewe." Wanacheka wote wawili, lakini mama anacheka bila meno.

Mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Nilijua yule bwana anachelewa kwa sababu anatafuta cha kujaza. Mtu mwenye viatu kama vile hawezi kuleta viazi vitatu. Lazima anatafuta vitu vikubwa, na vitu vikubwa huchukua muda. Kadiri alivyochelewa ndivyo kiondo kilivyozidi kujaa kichwani mwangu. Kwanza nilikijaza sukari. Halafu nikatia mkate wenye siagi, nikatia viatu, nikatia vitabu, nikatia sweta mpya yenye vifungo. Wavulana wenzangu waliniuliza mbona siendi shule, nikawaambia kiondo chetu bado kinajazwa mjini. Waliniamini. Mmoja aliniomba nikipata mikate nisimsahau.

"Mama," nilikuwa nikimwambia, "bado anajaza."

Mara za kwanza alicheka, akanipapasa kichwa. Baadaye aliacha kucheka. Nilidhani amechoka na jua.

Mvua za pili zilikuwa zimeanza mjomba alipofika kutoka Mbeere, kwa miguu sehemu kubwa, miguu yake nyekundu kwa udongo wa kwao. Alisimama uani hakukaa. Nyanya alikuwa amefariki. Alikuwa ameulizia binti yake, akaambiwa anakuja, anamalizia kiondo.

Mama alisimama katikati ya nyumba mikono imening'inia. Na mimi, kwa kutaka kumfariji, nikamwambia, "Usilie, mama. Sasa kitakuwa kimejaa kabisa."

Hakunipiga. Alinitazama tu, nikaona kwenye macho yake kwamba hakuna kiondo, hakuna mtu anayejaza, hakujawahi kuwa na mtu anayejaza. Nilizeeka siku ile. Yule bwana alinifanya mpumbavu mbele ya mama yangu saa ya msiba wake, na wala hajui kwamba nilizaliwa.

Alikwenda kuzika na mikono mitupu. Aliporudi hakusuka tena. Mkonge uliobaki aliutumia kufungia mbuzi. Na pale juu ya goti, pale palipokuwa laini kama kibuyu, vinyweleo vikaanza kuota, mpaka mguu ule ukafanana na mwingine. Nilikuwa nikiutazama kila jioni. Shule sikurudi. Nilianza kubeba mbao kwa watu, baadaye nikabeba zangu, na leo ukipita Nkubu utaona jina langu kwenye bango. Sikupewa na mtu. Lakini sikuwahi kusema kwamba hiyo ndiyo ilikuwa njia niliyoitaka.

Basi tukamaliza ule mukimo wa bendera, na Makena akasema, "Guka, ukishakula hapa unapewa tikiti ya jumba la sanaa. Twende tuone, mbona umenuna hivyo?" Nikaenda. Sikutaka kumharibia siku.

Ndani kuna baridi, na watu wanatembea kama wako kanisani. Picha, vinyago, ngoma. Chumba cha mwisho kulikuwa na sanduku la kioo limesimama peke yake, taa yake peke yake. Watu watatu walikuwa wamelizunguka. Nikapita katikati yao.

Niliona mstari wa kijani kwanza.

Umepauka, lakini ni ule. Kuna mahali uzi uliisha ukaungwa kwa fundo, maana kiwiko cha sweta kilikuwa kimetoboka, na fundo lile nililitazama likifungwa. Nyeusi ya matope bado ni nyeusi. Ningeweza kukisahau kitu gani hapo? Nilimwambia Makena anisomee kikaratasi, sikuwa na miwani, na hata ningekuwa nayo sidhani ningeona.

Makena akasoma. "Kiondo. Mkonge na uzi wa sufu. Msukaji hajulikani." Akaendelea, "Ni zawadi kutoka kwa..." akataja jina zima la mtu, na cheo chake mbele. Jina hilo siliandiki hapa. Yeye hakuandika la mama.

"Soma tena."

"Msukaji hajulikani, guka."

"Hajulikani na nani?"

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Wale watu watatu wakasogea. Binti mmoja wa jumba, amevaa kitambulisho shingoni, akaja haraka, mpole. "Mzee, kuna shida?"

"Hicho kiondo si zawadi. Kiliazimwa. Nilikuwepo."

Akanitazama, akamtazama Makena. Hakucheka, namshukuru kwa hilo. "Aliyekitoa ameshafariki, mzee. Sisi tulikipokea kutoka kwake. Mimi ni mwajiriwa tu."

"Najua wewe ni mwajiriwa. Mtu hutoa zawadi ya kuazima? Kwenu hutoa?"

Akakitazama kile kikaratasi. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Aliitwa nani, aliyekisuka?"

Sisi hatuwaiti mama zetu kwa majina. Wengine walimwita wa mawe, wengine wakamwita mama wa fulani, na jina lake nililisikia kwa Mama Karimi tu. Mdomo wangu ulikuwa haujawahi kulibeba jina lile. Hata Kendi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, hakulijua.

"Ciarunji," nikasema, na kwa kuwa nilikuwa na hasira nililisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, likazunguka ule ukumbi wote likarudi. "Ciarunji wa Mbeere, aliyeolewa Kanyakine. Sasa anajulikana."

Kendi akanishika mkono. Makena alikuwa amesogeza uso karibu na kioo, akitazama kutoka juu. "Guka," akasema, "ndani kuna kitu."

Nikainama. Sioni aibu kusema, kwa muda mfupi yule mtoto wa Kanyakine alirudi, na mikate yake na viatu vyake. Nikatazama ndani ya kiondo cha mama.

Karatasi. Karatasi nyeupe zilizokunjwakunjwa, zimeshindiliwa mpaka shingoni.

"Ni za kukisaidia kisianguke," yule binti akaeleza. "Kikikaa kitupu kinapoteza umbo."

"Hata mama alijua hivyo," nikamwambia.

Nikamwambia Makena anipe mfuko wa supamaketi. Nikatoa kile kifuko cha ndengu, chenye mwanamke anayecheka, nikakiweka sakafuni chini ya sanduku la kioo, katikati kabisa, ambapo mtu hawezi kupita bila kukiona. Nikageuka kuondoka. Tulikuwa tumefika mlangoni viatu vya yule binti viliposikika vikitukimbilia.

"Mzee, umesahau ndengu zako."

"Mimi sijasahau," nikamwambia. "Zirudishe pale. Na watoto wa yule bwana wakija kutazama zawadi ya baba yao, waambie Ciarunji anasema wamesahau hizi."